Fundi Anyesi na Darasa Lililogeukia Ukuta

Ukipita mitaa ya Nzuguni, tazama mageti. Yale yenye suke la mtama katikati, lililokunjwa kwa nondo nyembamba mpaka punje zake zinahesabika, yametoka mikononi mwa Anyesi Ndahani. Mimi hupita mbele ya mageti hayo kila asubuhi nikienda kazini, na kila asubuhi huyaonea fahari kana kwamba nimeyatengeneza mimi. Sijawahi kutengeneza hata bawaba. Mimi ni Shaaban Jamaldini, mwalimu wa hisabati wa sekondari, huu ni mwaka wa ishirini na sita, na mwaka jana nilibakiza kidogo sana nimzibie njia mwanamke huyu. Nitasimulia yote, na pale ninapostahili lawama sitajificha nyuma ya mtu.

Anyesi ni mzaliwa wa Mlali, huko Kongwa, mtoto wa wakulima. Kidato cha nne alikimaliza na matokeo ya kumrudisha shambani, ila yeye hakurudi. Alikwenda Kibaigwa kuwapikia uji wapakiaji wa mahindi, na mbele ya jiko lake palikuwa na karakana ya Mzee Bartolomayo, fundi wa kuchomelea mabodi ya malori, mtu ambaye hakuwa na subira na kiumbe yeyote, wakiwemo wateja wake. Siku moja msaidizi wa mzee alitoroka huku lori likisubiri, mzee akamwita mpika uji aje amshikie chuma dakika mbili tu. Anyesi alikishika chuma kile miaka sita.

Mzee Bartolomayo hakuwahi kumweleza jambo. Ufundi wa mitaani hauelezwi. Unabeba, unafagia, unashika, unakaa kimya, na ukiuliza sana unaambiwa urudi kwenu. Siku ikifika unapewa chombo mkononi, ukikosea unanyang'anywa. Hiyo ndiyo shule aliyosoma Anyesi, na alihitimu vizuri, maana Serikali ilipohamia hapa Dodoma, na Nzuguni ikaanza kuota nyumba kila kona, alihamia huku na binti yake Anitha, akafungua karakana yake mwenyewe chini ya bati nne.

Shuleni kwetu alifika kwa sababu ya ajali. Lori la maji lilikuwa limegonga geti letu, na mkuu wa shule, Mama Lydia, akamwita aje alinyooshe. Wakati huo shule yetu ilikuwa imepewa mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi. Mashine mbili mpya za kuchomelea zilikuwa zimeletwa, mwalimu wa kuzitumia hakuletwa, na panya walikuwa wameshapanga kwenye maboksi. Mama Lydia alimtazama yule mama akilirudisha geti kwenye mstari, akamuuliza, "Anyesi, kwa nini usije kufundisha?"

Anyesi alicheka akidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, akauliza, "Kwani inaruhusiwa, mtu kutoka barabarani hivihivi?"

Inaruhusiwa, ila njia ina kona zake. Kwanza ujuzi wake ulipaswa kutambuliwa. Watahini walikuja karakanani kwake, wakamtazama akipima, akikata na akichomelea, wakamhoji, wakaenda zao, na baadaye akapata cheti kinachosema anajua kitu ambacho Nzuguni nzima ilikuwa inajua kwamba anakijua. Wenzake wa mtaani walimcheka. Yeye alikitia kwenye fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, nzito kiasi cha kung'oa misumari miwili ukutani. Kisha akaenda Morogoro kwenye mafunzo ya ualimu wa ufundi, ana miaka thelathini na tisa, anakaa dawati moja na vijana wanaomwita mama. Kona ya mwisho ilikuwa mazoezi ya kufundisha, wiki nane, na akapangiwa kuyafanya kwetu. Mkufunzi wa chuo angekuja kumpima mara mbili. Akifaulu, anapata cheti cha ualimu na nafasi ambayo Mama Lydia alishaiombea. Akishindwa, anarudia mwaka unaofuata na nafasi anapewa mwingine. Na karakana yake alikuwa ameshaifunga ili asome. Bati zile nne tayari zilikuwa zimeezekwa kwenye banda la kuku la jirani.

Kila anayefanya mazoezi hupewa mwalimu mlezi. Nikapewa mimi, na niseme kweli, roho ilinichafuka. Babu wa babu yangu alifika hapa na misafara ya biashara, na ukoo wetu wote umekaa nyuma ya kaunta za duka tangu hapo. Mimi ndiye wa kwanza kushika chaki. Niliisotea chaki hiyo: chuo, halafu miaka minne ya kijiji ambako nilikuwa nafundisha madarasa matatu kwa wakati mmoja. Leo mtu anatoka kwenye cheche za moto anakuja kukaa ofisini meza moja na mimi? Nikawa namwita "Fundi" mbele ya walimu wengine, kwa utani ule wenye mwiba ndani. Yeye alikuwa anaitika tu, "Abee, mwalimu."

Mkufunzi alifika mara ya kwanza wiki ya nne. Jina lake Debora, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye kalamu inayotembea hata asipoitazama. Mimi nilibaki ofisini nikisahihisha, lakini kilichotokea nilikipata chote kutoka kwa wanafunzi. Anyesi aliingia karakanani, akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" darasa likaitikia kwa kishindo. Akavaa maski yake ya kukinga macho. Akachomelea mguu wa meza kwa dakika thelathini bila kutamka neno. Akavua maski akauliza, "Mmeona?"

Wakajibu ndiyo, kwa heshima tu. Shule ilikuwa na maski nne na wanafunzi thelathini na wanne, na mwanga ule ukiutazama kwa macho matupu unalala na macho yenye mchanga. Zaidi ya wachache waliopata maski, hakuna aliyeona kitu. Mkufunzi Debora aliandika sentensi mbili kwenye ripoti yake: "Kazi ni safi sana. Somo sikuliona."

Alasiri ileile niliijaza fomu yangu. Mwalimu mlezi huijaza na kumkabidhi mkufunzi kwenye bahasha iliyofungwa, siku ya tathmini ya mwisho. Wiki tatu zilikuwa bado. Mahali pa maoni niliandika: "Anajua kazi yake. Kufundisha hajui na hatajua. Sishauri athibitishwe." Nikaipaka bahasha gundi, nikaitia kwenye droo, nikaenda kunywa chai. Nilikuwa sijaingia darasani kwake hata siku moja.

Kesho yake akanijia mezani. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Anitha. Pole na jana."

"Nimeshapoa. Nilikuwa naomba uje uniangalie nikifundisha, uniambie ninapokosea."

"Nina madaftari mia na ishirini hapa. Nitakuandikia andalio la somo, la kisawasawa. Wewe lifuate tu kama lilivyo."

Hakubisha. Nikamwandikia andalio la kutamanisha, hadi mwisho wa somo mwanafunzi aweze kueleza aina tano za maungio ya vyuma, dakika kumi za utangulizi, dakika ishirini za maelezo ubaoni, maswali, hitimisho. Alilinakili kwa mkono wake, akikandamiza kalamu mpaka maandishi yakatokea ukurasa wa pili. Kila siku kwa wiki mbili alinijia na maswali, na kila siku nilimjibu bila kuinua kichwa. Mara tatu alinikumbusha kwamba karakana si mbali. Nilimwambia nitakuja.

Siku ya tathmini ya mwisho nilimkabidhi Mkufunzi Debora bahasha yangu asubuhi na mapema, akaitia mkobani. Taratibu zilinitaka niwepo darasani, basi nikaingia karakana ile kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Nilitegemea uchafu. Nikakuta sakafu imefagiwa, na kila chombo kimetundikwa ukutani juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi, ili kikikosekana pengo lionekane. Mimi kabati langu la vitabu halijawahi kuwa hivyo. Nilikaa kwenye benchi karibu na Mkufunzi.

Anyesi alianza na andalio langu. Alisimama ubaoni ndani ya ovaroli ya bluu, kitambaa kichwani, akachora ungio la kwanza, akayasoma maelezo yake, akachora la pili. Sauti iliyokuwa inasalimu kwa kishindo ilikuwa imegeuka ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Wanafunzi wakaanza kupiga miayo. Mmoja alilaza shavu kwenye meza. Dakika ya kumi na mbili, kalamu ya Mkufunzi Debora ikasimama, na mimi ninavyowajua wakaguzi, kalamu ikisimama mapema hivyo mambo yameharibika. Nakiri nilifurahi kidogo. Halafu nikaona anavyoikandamiza chaki ubaoni kwa mkono uleule ulioshika vyuma vya malori, na furaha ile ikaniishia.

Chaki ikavunjika. Anyesi akautazama ubao, akanitazama mimi.

"Mwalimu Shaaban, unisamehe," alisema. Akaliweka andalio langu mezani, akaliwekea kipande cha chuma juu lisipeperuke. Kisha akaligeukia darasa na sauti yake ikarudi. "Simameni! Geukieni ukuta!"

Wanafunzi thelathini na wanne waligeuka mara moja, bila hata mmoja kuuliza kwa nini. Hapo nilielewa kwamba haikuwa mara ya kwanza.

"Na ninyi wakubwa, naomba mgeuke," alitwambia. "Maski ni nne, na macho sina ya akiba ya kumpa mtu."

Mkufunzi Debora hakuinuka. "Hili limo kwenye andalio lako?"

"Halimo, mwalimu."

"Unajua hii ni tathmini ya mwisho?"

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana."

Mkufunzi akafunga daftari lake, akasimama na kugeuka. Nami, na miaka yangu ishirini na mitano ya chaki, nikageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nyuma yetu tukamsikia Anyesi akivaa glavu huku anazungumza. Alisema kwamba Mzee Bartolomayo wa Kibaigwa alikuwa na maski moja, nayo ilikuwa ya kichwa chake mwenyewe. Msaidizi alisimama amempa mgongo, akimpitishia rodi, vile vijiti vya kuchomelea, kwa nyuma. "Miaka miwili sikuona hata mshono mmoja ukichomwa," alisema. "Nilikuwa nausikia. Siku mzee aliponipa mashine, mikono ilikuwa haijui kitu, lakini masikio yalishajua kila kitu. Sasa sikilizeni."

Mwanga ukapiga ukuta mbele yetu, na sauti ikafuata. Ilikuwa inapasuka na kutema mate ovyo, kama kuni mbichi motoni. Ikakatika.

"Kosa liko wapi?"

"Rodi iko mbali," alijibu mmoja.

"Ikiwa mbali inadhuru nini?"

"Chuma kinatapika matone pembeni na mshono unakuwa dhaifu."

"Kwa nini dhaifu? Jordan."

"Kwa sababu moto unatawanyika kabla haujafika kwenye kiungo, mwalimu."

Akachoma tena. Safari hii ilikuwa mngurumo mzito, wa kubanwa, kisha kimya cha ghafla. Darasa zima likapiga kelele, "Imeganda!" na kicheko kikatembea ukutani. Wakaeleza wenyewe: rodi karibu mno, umeme umewekwa mdogo. Mmoja akasema hapana, umeme uko sawa, mkono ndio mzito. Wakabishana, na Anyesi akawaacha wabishane, akichoma kama kila upande ulivyodai mpaka upande mmoja ukakubali umekosea.

Mara ya tatu sauti ilikuwa moja, tulivu, ya vitumbua kwenye mafuta yaliyopata moto. Hakuna aliyesema neno.

"Mbona kimya?"

"Hiyo haina kosa, mwalimu," alijibu binti aliyekuwa amesimama karibu yangu.

"Jina lako?"

"Salwa."

"Jina lako nalijua, mama, nataka wageni walisikie. Vaa maski uje hapa."

Salwa akaenda. Sasa aliyechoma ni yeye, na wenzake wakawa wanamwongoza kwa masikio, migongo imemgeukia. Inua kidogo. Usikimbie. Hapo sawa, twende nayo. Nilitegemea kumsikia Anyesi akidakia, au akimnyang'anya yule mtoto rodi kama alivyonyang'anywa yeye. Hakufanya hivyo. Kulikuwa na sauti ya moto na sauti za watoto tu. Halafu ule mlio wa vitumbua ukaanza kuchafuka, ukatema mate mara moja, mara mbili, na darasa lilikuwa bado halijasema, nikajikuta napaza sauti yangu ya paredi mbele ya ukuta mtupu:

"Shusha, mtoto! Iko mbali, shusha rodi!"

Rodi ikashushwa, mlio ukatulia. Darasa likalipuka kwa vicheko na makofi.

"Mwalimu Shaaban amepata," alisema Anyesi nyuma yangu.

Nilibaki nimekodolea tofali, uso unanichoma. Maisha yangu yote sijawahi kushika mashine ile, na kwa muda usiofika dakika ishirini yule mwanamke alikuwa amenifundisha kazi yake, bila mimi kutaka, nimempa mgongo. Wapo walimu niliosoma nao chuoni ambao hawajawahi kumfanyia mtu hivyo hata mara moja. Niliona aibu na niliona fahari, na fahari ndiyo iliyokuwa kubwa.

Tulipogeuka, Mkufunzi Debora alikwenda moja kwa moja kwenye kazi ya Salwa. Alichukua nyundo ndogo akaligonga gamba la juu likabanduka, na chini yake mshono ulikuwa umelala vizuri, isipokuwa pale pa mwisho, mahali nilipopigia kelele. Aliupitishia kidole. Akalitoa andalio langu chini ya kile kipande cha chuma, akalisoma, akatutazama sote wawili.

"Aliyeandika hili siye aliyefundisha leo," alisema.

"Niliandika mimi," nilijibu.

"Nilidhani hivyo." Akaandika alama zake bila kutuonyesha, akaanza kufunga mkoba. Mama Lydia alikuwa ameshafika mlangoni, gari la kumrudisha Mkufunzi stendi linasubiri. Na ndani ya mkoba ule ilikuwemo bahasha yangu. Hata alama za Mkufunzi zingekuwa nzuri namna gani, bila ushauri wa mwalimu mlezi faili lingesimama. Nilimtazama Anyesi akiwaonyesha watoto mahali pa kutundika glavu. Hakuwa anajua kwamba hukumu yake imeshaandikwa na mtu aliyekuwa anakunywa chai.

"Mkufunzi," nilisema, "naomba unirudishie bahasha yangu."

"Ikishakabidhiwa imekabidhiwa, mwalimu."

"Basi uifungue hapahapa mbele yangu, nina neno la kuongeza."

Mama Lydia alinikazia macho. Mkufunzi akaitoa bahasha, akaichana, akasoma. Akanipa fomu na kalamu yake. Kufuta hairuhusiwi kwenye fomu ile, basi niliyaacha maneno yangu pale yalipo, nikaandika chini yake: "Hayo ya juu niliyaandika kabla sijakanyaga darasani kwake. Leo nimekanyaga, na amenifundisha. Nashauri athibitishwe, bila kuchelewa." Nikatia sahihi na tarehe.

"Unajua utaulizwa ulikuwa wapi wiki zote hizi?" alisema Mkufunzi.

"Waniulize."

Waliniuliza. Nilipewa onyo la maandishi, la kwanza katika utumishi wangu, na lipo kwenye faili langu mpaka leo. Sijaomba liondolewe.

Miezi miwili baadaye Anyesi aliingia ofisini na cheti chake cha ualimu kwenye bahasha kubwa ya kaki. Walimu walipiga vigelegele, Mama Lydia akamkumbatia, na mimi nikasimama kumpa mkono. Wenzangu walipotoka kwenda vipindini alivuta kiti akakaa mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, ile fomu. Kabla ya kuongeza neno, ulikuwa umeandika nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia yote, neno kwa neno: kwamba anajua kazi yake, kwamba kufundisha hajui na hatajua. Alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa kidogo, na hakuonekana kushangaa.

"Hata mimi nilikuandikia yako, mwalimu," alisema. "Moyoni, siku ya kwanza uliponiita Fundi mbele za watu. Niliandika: anajua hesabu zake, watu hawajui na hatawajua."

Kengele ikalia, akainuka, akachukua maski yake juu ya kabati.

"Na sasa?" nilimuuliza.

"Sasa nimeongeza mstari chini yake," alisema, akaenda darasani.